Nilishindwa Kutema Mbele ya Bibi

Chumba cha Pili, Nyumba ya Wageni,
Shamba la Mizabibu.
Alhamisi, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Haya ninayoandika yabaki kati yako na mimi. Usimsomee hata mkazamjomba. Moyo wake ni mzuri lakini mdomo wake hauna kitasa. Akijua yeye leo, mama atajua kesho, na mama akijua nimekwisha.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu uanguke ngazini? Na wale pacha wameshaacha kugombania kitanda cha dirishani? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina uhakika nacho.

Ulinishauri nichukue likizo baada ya miaka mitatu ya kugonga mihuri masijala, nikakutii. Nilichagua huku kwenye mashamba ya zabibu kwa sababu karani mwenzangu alisema ni kimya na hakuna anayempigia mwenzake kelele. Hukuniita Kunguru bure, Mjomba. Niliandika orodha ya mambo ya kufanya, nikaipigia mistari kwa rula: kuendesha baiskeli kati ya mizabibu, kuchuma, kukanyaga zabibu kwa miguu, kutembelea ghala la mapipa lililo chini ya ardhi, kuonja mvinyo. Hilo la mwisho nililiwekea alama ya kuuliza kwa penseli.

Baiskeli ilikwenda vizuri, ila nilikutana na bata bukini nikashuka kuwapisha. Kuchuma, nilijaza nusu kikapu, wachumaji wakinicheka kwa kuvipanga vichala kwa ukubwa. Kukanyaga niliogopa kuanza, kisha nikaogopa kumaliza. Miguu yangu ingali na rangi ya wino.

Jumanne ikafika zamu ya kuonja. Nifafanue, maana hapa ndipo nilipopotea. Mvinyo wa kuonja haumezwi. Unauzungusha mdomoni, kisha unautema katika ndoo ya shaba iliyo katikati ya meza. Watu wazima, wamevaa vizuri, wanatema. Na ng'ambo ya ndoo alikaa mwenye shamba, bibi wa umri wa marehemu mama yako, mikono juu ya fimbo, ananitazama usoni. Mjomba, mimi niliyelelewa na dada yako, niteme mbele ya mtu mzima?

"Tema, mjukuu wangu," akasema.

"Haifai, Bibi."

"Una jino bovu?"

"Hapana, Bibi. Nina adabu."

Meza nzima ikacheka isipokuwa yeye. Akanimiminia nyingine. Nilimeza glasi tisa, mimi ambaye hata dawa ya kikohozi nasoma kwanza kibandiko.

Yaliyofuata ninayo vipande vipande. Nakumbuka nikisema kwamba vibandiko vya mapipa vimeandikwa ovyo na pipa la saba halina tarehe. Nakumbuka Bibi akiuliza ni nani atakayerekebisha. Nakumbuka karatasi, na mkono wangu ukienda bila kutetemeka. Baada ya hapo, ukuta.

Asubuhi yake mpishi alinipa chai akasema, "Pole na majukumu, karani." Nikadhani ananitania. Dereva wa shamba akachungulia mlangoni: "Karani, ile barua yako nimeshaipeleka posta." Barua gani? Nilipapasa mfuko nikakuta ufunguo nisioujua na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala. Mjomba, nilikuwa nimelewa chakari na bado nilitoa nakala. Ina tarehe, ina namba ya kumbukumbu, hakuna nukta iliyokosekana, na inamwarifu mkuu wangu kwamba naacha kazi.

Tangu jana naisoma. Mwandiko ni wangu. Sababu nilizotoa ni tatu na zote ni za kweli, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Nilimweleza Bibi kwamba si mimi, ni mvinyo. Akanijibu, "Mvinyo haujui kuandika, mjukuu wangu. Lakini sikufungi kamba. Ufunguo wa ghala ukikuunguza, uache mezani."

Barua itafika ofisini Jumatatu. Basi linaondoka hapa kesho saa mbili asubuhi. Nikilipanda, Jumatatu nitakuwa mezani kwangu kabla ya tarishi, na barua zote huingia kupitia mikono yangu. Nitaiweka mfukoni, hakuna atakayejua, na mama ataendelea kuwaambia majirani kwamba mwanawe ana meza na muhuri. Begi nimelifunga mara mbili na kulifungua mara mbili. Jana mchana, nikingoja akili initulie, nilishuka ghalani nikaandika vibandiko kumi na vinne. Hakuna aliyenipigia kelele. Pipa la saba sasa lina tarehe. Usiku nililala kama gogo, na sielewi mtu aliye taabani analalaje hivyo.

Msalimie mkazamjomba, salamu za afya tu, na uwagawie pacha upendo wangu nusu kwa nusu wasije wakapigana. Mungu aliponye goti lako na akuzidishie subira humo nyumbani.

Nijibu upesi. Usipige simu ofisini, wala usipitishie kwa mama, yeye hufungua kila bahasha kwa kisu cha mkate. Anwani ni hiyo ya juu, ila usiandike Chumba cha Pili, maana kitakuwa na mgeni mwingine. Andika: Karani, Ghala la Mapipa. Hii itakufikia baada ya siku nne, na jibu lako litachukua nne nyingine. Nimehesabu mara mbili, Mjomba, na sasa hivi nimeona nilichokwisha kukuambia. Dereva huleta barua Jumamosi. Nitakuwa karibu na mlango, penye mwanga.

Wako akupendaye,
Mpwa wako,
Kunguru