Kofia Iliyobaki Sandukuni

Mufindi, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imefika Nyamwaga na magoti yako yanakuruhusu kufika shambani. Mimi nachuma chai kama kawaida. Baridi ni kali, lakini mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu mdogo wangu Robi atutoke. Kwenye simu nikimtaja nalia, ndiyo maana naandika.

Mama, baada ya mazishi ulinipigia ukanifariji kwamba kofia yake ipo sandukuni, haina hata doa. Neno hilo haliniachi. Ile kofia pana niliituma kwa ajili ya jua la shambani, kwa sababu ngozi ya mwenye ualbino haina kinga. Lakini ni mimi niliyesema, "Itunzeni, ni nzuri." Mkaitunza. Robi akawa anaivaa kanisani, chini ya paa, na kwenye mahindi anajifunga kanga. Nilipomuuliza alinitania, "Dada, nikichungia nayo, ng'ombe wataniamkia shikamoo." Nami nikacheka.

Kile kidonda cha sikioni tulidhani alichomwa na mwiba wa kuni. Kilikauka, kikatoa damu, kikakauka tena. Hakikumuuma, akasema atakwenda hospitali tukishavuna. Tulipovuna kilikuwa kimeshashuka shingoni. Hospitali wakatuambia ni saratani ya ngozi, na tumechelewa kumpeleka.

Juzi nilimsimulia nesi wa zahanati ya hapa. Akasema, "Kikiwahiwa kingali kidogo, daktari hukikata, na wengi hupona. Kidonda kikipita mwezi hakijapona, dada, usisubiri maumivu."

Ghati, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Usiruke hapa, maana ngozi yako ni kama ya Robi. Mama alinitajia kile kipele cha kando ya pua yako, kinachotoka damu ukinawa uso. Alisema mtakwenda mkimaliza kupalilia. Mama, nakupigia magoti, palizi ingoje. Barua ikifika leo, kesho Mjomba Chacha ampeleke Ghati hospitali kwa pikipiki. Msipake majivu wala dawa ya mizizi. Wakitaka kukata kipande wakapime, kubalini, na mrudi kuchukua majibu.

Kofia itoeni sandukuni. Ghati, ivae kisimani, shambani, na njiani kwenda shule, pamoja na gauni la mikono mirefu. Ikichafuka, ifue. Ikichanika, ishone. Kichwa cha dada yako Robi kilikuwa kikubwa kuliko chako, kwa hiyo ifunge kwa utepe chini ya kidevu.

Nisalimie Mjomba Chacha, na Bibi Wegesa jirani yetu, aliyemwosha Robi wakati mimi dada yake sipo. Mwambie sitasahau.

Nikija Desemba, Mama, nisiikute kofia safi.

Mwanao,
Nyangi