Sauti ya Pili Kwenye Matete ya Scarrow

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi cha Stalby, Kaunti ya Norfolk
Jina: Avril Joan Larter
Umri: Miaka 66
Kazi: Mstaafu, zamani dereva wa basi la shule
Makazi: Mill Lane, Stalby
Tarehe: 9 Juni 2023
Mbele ya: Konstebo Imogen Fiske

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nikifika kwenye jambo nililoambiwa, nitamtaja aliyeniambia.

Naishi na mume wangu, Clement Larter, mwenye miaka 71, aliyekuwa mwalimu wa jiografia. Presha ya macho ilimpofusha, na kwa miaka kadhaa sasa haoni kitu zaidi ya mwanga wa dirishani. Mimi si mtu wa ndege. Nimekaa sana kwenye vibanda vya baridi nikifuma sweta, huku watu wazima na akili zao wakinong'onezana kuhusu kijindege cha rangi ya udongo. Lakini Clem ni mtu wa ndege tangu utotoni, na ni mmoja wa walioanzisha Klabu ya Watazama Ndege ya Stalby. Alipopofuka, wengi walidhani ataachana nayo. Hakuachana nayo. Alisema ndege wengi hata wenye macho hawawaoni, wanawasikia tu.

Klabu inatunza kibanda cha kutazamia kando ya kinamasi cha Scarrow. Humo kwenye matete huja ndege aitwaye ngojamaliko, wa jamii ya korongo, mwenye rangi ya majani makavu. Kumwona ni bahati. Kumsikia ni rahisi: majira ya kuchipua dume huunguruma, sauti nzito kama ya mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu, na asubuhi tulivu sauti hiyo hufika hadi kanisani. Kazi ya kwenda kusikiliza kama amerudi ilikuwa ya Clem kila mwaka. Mimi nilikuwa dereva wake.

Mwenyekiti wa klabu ni Bw. Piers Wetherill, dalali wa nyumba hapa mjini. Ndiye anayeendesha ukurasa wa klabu mtandaoni, ule wenye maeneo yote ya kutazamia ndege katika kaunti, ramani, vyama, na mahali pa kuegesha gari na kunywa chai. Jambo lililomkera, na alilisema waziwazi, ni kwamba Scarrow haikuvuta watu. "Kila mtu anakimbilia pwani," alikuwa akisema. "Sisi hapa wanatuona kama choo cha njiani."

Mnamo tarehe 18 Aprili 2023, alfajiri, nilimpeleka Clem kibandani. Dume aliunguruma kutoka upande wa mashariki, pale anapounguruma siku zote. Kisha sauti ya pili ikajibu kutoka magharibi, karibu na mfereji wa zamani. Clem alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Akasema, "Wawili, Avril! Wako wawili!" Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya macho yake, lakini kwa ndege huyo alilia.

Tuliporudi nyumbani alimpigia Bw. Wetherill simu. Bw. Wetherill alishangilia hadi mimi nilimsikia nikiwa jikoni. Siku hiyohiyo ukurasani paliandikwa kwamba Scarrow ina madume wawili wa ngojamaliko, "imethibitishwa na Clement Larter". Clem aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba tena.

Watu wakaanza kuja. Kabla ya hapo nimezoea kukuta kibandani mtu mmoja na mbwa wake. Sasa kulikuwa na magari hadi kwenye lango la shamba la jirani, na watu wenye kamera ndefu kama mabomba ya bati. Dume wa mashariki, ambaye kwa kawaida hatoki, alianza kurukaruka juu ya matete akielekea magharibi, akizunguka, akirudi. Watu walipiga picha. Bw. Wetherill alisimama katikati yao na koti jipya la klabu, akisema, "Anamtafuta mpinzani wake."

Baada ya asubuhi kama nne au tano, Clem alinyamaza. Tukiwa garini nilimuuliza ana nini. Alisema, "Yule wa pili hachoki."

Nikasema, "Labda ni kijana."

"Hapana. Hata kijana huvuta pumzi. Ndege wa kweli leo anaanza vizuri, kesho anakosea, kukiwa na upepo anajikaza. Huyu kila siku ni yuleyule, na katikati kuna kitu kinakwaruza palepale. Avril, huyo si ndege."

Alimwambia Bw. Wetherill kwa simu. Sikusikia majibu, ila Clem alipokata simu alisema, "Ameniambia nipumzike."

Mnamo tarehe 11 Mei 2023, saa moja na nusu jioni, kulikuwa na mkutano wa klabu katika ukumbi wa kanisa. Nilikuwepo. Clem alisimama, akasema haamini kwamba sauti ya magharibi ni ya ndege, na akaomba jina lake liondolewe ukurasani mpaka mtu aende kuhakikisha. Alisema kwa adabu, kama anavyosema kila kitu.

Bw. Wetherill alimwendea, akamwekea mkono begani. Nayaeleza maneno yake kama nilivyoyasikia. Alisema, "Clem, kaka yangu, hapa hakuna asiyekuheshimu. Lakini tuwe wakweli. Yalianza macho. Sasa masikio nayo yanadai likizo. Si aibu, yatatupata sote." Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi: walicheka kwa huruma. Kisha akasema, "Mwakani kazi ya kusikiliza tuwape wenye masikio mapya. Wewe utakaa mbele, tutakuletea chai na keki."

Clem alitafuta kiti chake kwa mkono, akaketi. Wanachama walipokuja kumpa mkono wakati wa kutoka, walimpigia kelele sikioni kana kwamba tayari ni kiziwi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kupimwa masikio. Dada aliyempima alisema yako vizuri kwa mtu wa umri wake. Clem aliyashika hayo maneno ya mwisho tu. Njia nzima alikuwa akiyarudia: "Kwa mtu wa umri wangu."

Tangu siku hiyo alikataa kwenda Scarrow. Naomba hili liandikwe, hata kama si kosa la kisheria. Mume wangu, ambaye alikuwa akiamka kabla ya ndege wenyewe, alianza kulala mpaka jua limepanda. Akiwa bustanini alikuwa ananiita: "Avril, huyo ni njiwa au ni bawaba ya mlango wa jirani?" Nikimwambia ni njiwa, anauliza, "Una hakika?" Simu ikilia anauliza kama inalia kweli au ni kwake tu. Birika likichemka anaenda kuligusa. Aliungua vidole mara mbili. Mtu aliyepoteza macho alikuwa amejijengea nyumba nzima kwa masikio, akajua kila kitu kilipo, halafu mtu akaja akaivuruga kwa ajili ya kupata wageni.

Mnamo tarehe 3 Juni 2023, Jumamosi, ilikuwa zamu yangu ya kufagia kibanda. Nilifika saa mbili asubuhi. Ndani kulikuwa na mwanamke mmoja tu, mgeni, ambaye aliniambia anaitwa Bi. Rosalind Thackray na ametoka Leeds kwa ajili ya hao madume wawili. Nimewapa polisi namba yake.

Tulisikiliza kwa muda. Upande wa mashariki hapakuwa na sauti yoyote. Upande wa magharibi sauti iliunguruma, ikaunguruma tena, kisha mara ya tatu ikavutika na kushuka kama mtu anayesinzia. Halafu kutoka kwenye matete, sauti ya mwanamke, safi kabisa, ikasema: "Betri inakaribia kuisha. Tafadhali chaji kifaa chako."

Bi. Thackray alishusha darubini. Akaniuliza, "Samahani, ndege wenu anasema Kiingereza?"

Alidhani nitacheka. Sikuweza. Nilikuwa nimeshika ufagio, na nakumbuka nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kitu kinachokwaruza palepale.

Baada ya muda mfupi niliona mtu akitoka kwenye matete upande wa mfereji. Alikuwa Bw. Wetherill, amevaa mabuti marefu ya mpira yanayofika kifuani. Mkononi alikuwa na spika nyeusi, ndogo kama mkate, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hakujua kwamba mimi nipo. Nilitoka nje nikamsubiri kwenye njia ya mbao. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi, na Bi. Thackray aliyasikia akiwa mlangoni.

Nilisema, "Piers, hicho ni nini?"

Alisema, "Avril, tafadhali, usilikuze."

"Nimekuuliza ni nini."

"Ni ya kumchangamsha tu yule wa kweli. Yupo kweli, si yupo? Nilimwongezea mwenzake. Watu wanaendesha gari kwa saa nne kuja hapa. Ulitaka waondoke na nini, picha ya matete?"

"Ulisimama ukumbini ukamwambia mume wangu masikio yamekufa."

"Sikusema yamekufa. Nilisema yamechoka. Na kumbuka, Clem mwenyewe ndiye aliyethibitisha. Mimi niliandika alichosema."

Sikumgusa, ingawa nilikuwa na ufagio mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kuuzia nyumba, "Clem hana haja ya kujua. Utamuumiza bure. Mwache alivyo."

Nilimwambia asiondoke na hiyo spika. Akaondoka nayo. Nilipiga simu kwa bwana wanyamapori wa kinamasi, Bw. Owen Strickland, na yeye ndiye aliyewaita polisi.

Konstebo Fiske na Bw. Strickland walifika mchana. Niliwafuata hadi ukingo wa mfereji, sikuingia kwenye maji. Kutoka pale niliona njia iliyokanyagwa katikati ya matete, pana kama njia ya ng'ombe, iliyokwenda hadi mahali palipochomekwa kigingi. Bw. Strickland alisimama kando ya kigingi hicho, akainama mbele kidogo, akavua kofia. Alinieleza baadaye kwamba jike alikuwa ametaga na kuangua hapo karibu, na kwamba kila aliyekwenda kubadilisha betri alikuwa akimfungulia mbweha mlango. Makinda walikuwa wameraruliwa. Jike hayupo. Alisema pia kwamba dume wa mashariki hajasikika na yeyote tangu mwisho wa Mei. Yaelekea alijibizana na spika mpaka akahama.

Nimeelezwa na Konstebo Fiske kwamba Bw. Wetherill, katika maelezo yake, amesema mume wangu ni mzee aliyechanganyikiwa, na kwamba klabu ilipotoshwa naye. Mume wangu hakuchanganyikiwa. Alikosea kwa asubuhi chache kwa sababu ya furaha, kisha akausema ukweli mbele ya watu wote, na watu wote wakampa keki. Hadi leo asubuhi ukurasa ule bado unasema "madume wawili", na jina lake bado lipo chini yake.

Siku hiyo ya Jumamosi nilifika nyumbani saa kumi jioni. Clem alikuwa jikoni akimenya viazi kwa kupapasa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipomwona niliyasema tu yote, tangu sauti hadi mabuti.

Aliacha kumenya. "Ilisema nini?"

"Betri inakaribia kuisha. Tafadhali chaji kifaa chako."

Alicheka. Alicheka sana, akaegemea sinki, na mimi nikacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule. Akasema, "Mpumbavu yule! Angalau angenunua betri nzuri!" Kisha akajipangusa uso kwa mkono wenye maji ya viazi.

"Kwa hiyo nilisikia sawa."

"Ulisikia sawa, Clem. Tangu mwanzo."

"Masikio yangu mazima."

"Mazima kabisa."

Akauliza, "Na yule wa mashariki? Yule wetu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini alikuwa ameshadanganywa vya kutosha, nikamwambia. Nikamwambia na habari za makinda.

Alikitafuta kisu mezani, akakipata, akashika kiazi kingine. Hakukimenya. Alisema, "Basi haya masikio mazima, Avril, ni ya kusikilizia nini?"

Nilikichukua kiazi mkononi mwake, nikakimenya mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nami niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu, na mbele ya Bw. Wetherill, neno kwa neno.

(Sahihi) A. J. Larter

Maelezo haya yameandikwa nami leo kuanzia saa nne hadi saa sita kasorobo asubuhi. Yamesomwa kwa sauti, kwa ombi la shahidi, mumewe akiwa ameketi kando yake. Hakuna aliyetaka kubadilisha neno.

(Sahihi) I. Fiske, Konstebo