Koti la Mbwa wa Jirani

Jumatatu, 6 Juni 1994
Ukungu mpaka saa nne. Suruali tatu za kufupisha, gauni moja la kutoa sponji za mabegani. Tangu mitumba iruhusiwe hakuna anayeshona nguo mpya. Nakata walichoshona Wazungu, narudishia vifungo. Ndiyo maendeleo.
Mume wangu, Baba Elia, katoka na msumeno tangu asubuhi. Kwa Mama Sifa tena. Anamjengea mbwa kibanda.
Jiko letu halina mlango tangu Pasaka.

Jumanne, 7 Juni
Leo mteja mmoja tu, kwa hiyo nina muda wa kuandika habari za huyo mbwa.
Mama Sifa ni jirani yangu, mjane. Tunaimba wote sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Mimi naimba vizuri zaidi. Siku hizi anapika jamu misheni, asubuhi mpaka mchana. Zamani alikuwa akimpikia Mzungu mmoja huko njia ya Irente. Mzungu karudi kwao, kamwachia masufuria na mbwa. Mweupe, ukubwa wa paka, manyoya ya kuburuza chini. Anaitwa Keki. Mbwa wetu wa hapa hulala nje na kula anachookota. Keki anakula wali.
Juzi tai wa msituni, yule mkubwa mwenye kishungi, alimshukia uani. Alimkosa kidogo. Mama Sifa alipiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa mume wangu. Sikujua kuwa bado anaweza kukimbia.

Alhamisi, 9 Juni
Mama Sifa kaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba tai apigwe. Mwenyekiti kakataa. Tai yule ndiye anayewapunguza kima, na kima wakiachiwa mahindi hayafiki kuvunwa. Hapa ukimpiga tai umepiga chakula cha watu. Mwenyekiti kasema kwa upole, ila mbele za watu: "Mama, siku hizi kila kitu ruksa, lakini si hicho. Mfungie mbwa wako ndani."
Nilifurahi. Naandika kama ilivyo.

Jumamosi, 11 Juni
Kibanda cha fito kimekamilika. Kina mlango.
Keki analia humo kutwa. Mama Sifa havumilii kumsikia akilia, anamtoa. Kwa hiyo kibanda kipo na mbwa yuko nje.
Wakati wa chakula Baba Elia kasimulia jinsi Keki anavyomlamba mkono. Kasema pia kwamba Mama Sifa kacheka sana ile hadithi yake ya mbuzi wa Mlalo. Mimi hiyo hadithi naisikia tangu tuoane. Mbuzi huyo angekuwa kweli angeshakufa kwa uzee.

Jumatatu, 13 Juni
Mama Sifa kaja na koti la kike la mitumba, kutoka sokoni Soni. Manyoya meusi ya bandia, zito, la nchi zenye baridi ya kweli. Wazo ni la Baba Elia: nimkatie mbwa koti nene, kucha za tai zisipenye.
"Shemeji kasema wewe hushindwi na kitu, Mama Elia."
"Shemeji yako anaongea mengi akiwa kwako. Huku huwa bubu."
Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mimi sikuwa nikitania.
Nimelipokea koti. Ningekataa wangesema nina wivu.

Jumatano, 15 Juni
Nimempima Keki. Kaningurumia. Kisha kaenda kulala juu ya mguu wa Baba Elia, na Baba Elia kakaa bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Mimi nikimwomba asogeze benchi anasema mgongo.

Jumamosi, 18 Juni
Nimemaliza. Mama Sifa na Baba Elia walikuwepo kumjaribisha Keki. Nikarudi nyuma hatua chache nione, kama nifanyavyo kwa mteja yeyote.
Mgongo mweusi. Mabegani manyoya yake meupe yamemwagika nje ya koti. Usoni ndevu nyeupe. Nyuma mkia mweupe.
Mbega mtupu. Mbega mchanga aliyeshuka kwenye mti.
Na kila mtu milima hii anajua tai yule anakula nini. Kima, na akimpata mbega, kwake ndiyo Krismasi.
Hawakuona. Wao walikuwa wanamwangalia Keki. Mimi naangalia nguo.
Nikasema, "Limemkaa vizuri."
Baba Elia kasema amependeza. Siku ya harusi alisema gauni limependeza.

Jumapili, 19 Juni
Mvua ya manyunyu, njia ya kanisani tope. Mume wangu kambeba Keki kutoka kwenye daraja mpaka mlangoni. Mimi nilibeba kitabu cha nyimbo na viatu vyangu.
Tai alilia juu ya bonde wakati wa matangazo. Mama Sifa kanigeukia akatabasamu, akaonyesha kwa ishara jinsi koti lilivyo nene. Mimi pia nikatabasamu.

Jumanne, 21 Juni
Ningeweza kumwambia Mama Sifa. Sentensi moja tu. Leo kapita hapa mara mbili na mbwa, mara mbili nikainamia cherehani.
Sitaki Keki afe. Nataka asiwepo. Nimejaribu kuona tofauti. Ni ndogo.

Alhamisi, 23 Juni
Amekuja.
Jua lilikuwa limetoka, saa ya kuanika maharage. Nilikuwa barazani. Keki alikuwa ukingoni mwa mahindi ya Mama Sifa akinusa kitu. Safari hii tai hakulia. Kivuli tu, kisha mbawa, kisha koti jeusi likaenda juu. Likafika usawa wa migomba.
Nilijikuta katikati ya shamba la watu nina mkasi mkononi. Sijui niliruka uzio saa ngapi. Nilikuwa nikilitaja kwa kelele jina la mbwa ambaye sijawahi kumwita. Mama Sifa alikuwa akipiga sufuria.
Tai akaachia. Keki akaangukia kwenye majani ya ng'ombe.
Mzima. Kachechemea, kakojoa, kabweka. Tundu moja pajani. Mgongoni kucha ziliishia kwenye sponji. Nilikuwa nimeshonea ndani sponji ya godoro kuukuu, safu mbili, na bitana ya kaki juu yake. Hakuna aliyeniagiza.
Watu walijaa. Koti likapita mkono kwa mkono. Baba Elia akawaonyesha matundu: "Mke wangu huyu. Tai mzima kashindwa na mke wangu."
Miaka yote nimeyangoja maneno hayo. Yamekuja siku ambayo siwezi kuyala.

Jumamosi, 25 Juni
Wateja tisa. Mmoja anataka koti la mbuzi. Sijui kama ni utani.
Mama Sifa kaleta jamu ya kwao kazini na kitambaa cheusi. Anataka la pili, hivyo hivyo, la kubadilishia. Kaniita mdogo wangu. Kisha akalia kidogo, akasema usiku nyumba ilikuwa kimya mno kabla ya Keki, kwamba alikuwa akiwasha redio ili asikie mtu akikohoa.
Hilo sikulijua. Najua kila anayepita njia hii na alichovaa. Hilo sikulijua.

Jumatatu, 27 Juni
Nimemwambia.
Nilimkuta akichambua maharage. Nikakaa, nikachambua na mimi. Nikasema kitambaa cheusi hakifai, koti lile lilimfanya Keki kuwa mbega. Akasema kweli eh, hatukufikiria. Hapo ningeweza kunyamaza. Nikasema mimi nilifikiria. Niliona siku ileile ya kumjaribisha.
Aliendelea kuchambua. Alitupa punje nzima pamoja na mawe.
"Ulikuwa unanichukia mimi au mbwa?"
"Nilikuwa nasikia wivu."
"Wa nini, Mama Elia? Wa kucheka?"
Niliziokota punje alizotupa. Akasema, "Nenda nyumbani."

Jumatano, 29 Juni
Baba Elia kashinda hapa. Mama Sifa kamwambia kazi zimekwisha. Sababu hakumwambia, wala mimi sijamwambia. Kapanga misumari kwenye kopo kwa ukubwa, kisha kaimwaga, kapanga tena. Nilitaka akae nyumbani. Amekaa.
Asubuhi Mama Sifa kapita. Salamu yetu ya Kishambaa haiishi mpaka umeulizia watoto, mbuzi, kuku na kikohozi cha shangazi. Leo kaniamkia, kapita. Watoto hata hakuwafikia.

Jumanne, 5 Julai
Mama Sifa anaondoka kwenda kazini saa moja na nusu, na Keki aliyefungiwa kibandani analia, bonde zima linasikia.
Leo nilienda kwake na debe bovu na kijiti. Nikafungua kibanda, nikakaa kwenye kilima juu ya mahindi, kama tulivyokuwa tukiamia, kufukuza ndege shambani, utotoni. Mbwa hakuvaa kitu. Mara mbili tai alipita, mara mbili nikapiga debe. Akaenda zake msituni kutafuta kima. Keki alilala kwenye jua, mbali na mimi.
Mchana Mama Sifa akarudi. Alisimama njiani muda mrefu akiangalia kilimani. Kisha akaingia ndani akaanza kupika.
Hakuniambia niondoke. Nikakaa.