Hati ya Zizi la Tatu

3 Machi

Mjomba,

Nakusihi, neno lolote la barua hii lisitoke kinywani mwako, hata kwa mama. Shikamoo. Mkaza mjomba na mgongo wake hawajambo? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Kazi yangu hapa ranchi unaijua: najaza hati za ndama. Aliyeachishwa ziwa siku arobaini na tano kabla ya mnada, akachanjwa mara mbili, akazoea kula horini, huuzwa bei nzuri, maana haugui akifika kwa mnunuzi. Wa zizi la tatu bado wananyonya. Watatenganishwa na mama zao asubuhi ileile ya mnada. Meneja aliniwekea kalamu mezani: "Andika arobaini na tano, msomi. Au kalamu nzito?"

Nikaandika, nikatia sahihi. Hapa sina wa kumwambia. Chumba changu kina kiti kimoja.

Nasikia unakuja kununua. Zizi la tatu usiliguse.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako mgongo unamsumbua, ulimi haujambo.

Barua yako imefika jana. Mnada ulikuwa tarehe kumi. Nilikuulizia, wakasema umetumwa mjini. Nilikwishachagua wa zizi la kwanza, wa bei nafuu kwa kuwa hawajakatwa pembe. Kisha nikaonyeshwa hati ya zizi la tatu. Kuona sahihi yako nikasema moyoni, huyu nimemlea mimi. Nikaongeza bei, nikachukua kumi na wawili. Jirani yangu mjane akanifuata, akachukua watatu.

Walilia siku nne, hawali. Wakaanza kukohoa. Wangu watano wamekufa. Wa mjane, wote. Ananiuliza karani wa hati ile ni nani. Nimemwambia simjui.

Uongo huo umenielemea, mwanangu.

Mjomba wako

5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Poleni sana nyote.

Nimewaandikia ukweli daktari wa mifugo na wanunuzi wote wa zizi lile, mjane akiwemo, kwa jina langu. Meneja akasema, "Sasa kawaandikie na ng'ombe." Nimefukuzwa.

Nimepanga nyuma ya duka la mbegu, karibu na kisima cha ranchi, chumba cha mwisho. Simu sina. Barua itume kwa mwenye duka, juu andika "karani" tu. Mchana napakia magunia. Saa kumi nimerudi. Kama huna la kuniambia, tuma bahasha tupu. Nitajua yangu imefika.

Mpwa wako