Nyumba Iliyotulia

Binti yangu,

Mimi mzima, ni magoti tu yanayonisumbua. Cherehani bado inakubali.

Kanisani jina langu lilipendekezwa kwa uzee wa kanisa. Jumamosi mchungaji alikuja na wenzake wawili kunitazama nyumbani, maana Maandiko yanataka kiongozi awe anaisimamia nyumba yake vizuri. Nilikuwa nimefagia mpaka uvunguni. Mchungaji akatazama huku na huku, akasema, "Fundi, nyumba yako imetulia kweli."

Imetulia, mwanangu. Tangu nilipokutupia mabegi nje kwa sababu ya ile mimba, hakuna anayebamiza mlango humu.

Nikamwambia, "Mchungaji, futa jina langu. Anayejua ninavyoisimamia nyumba hii ni binti yangu. Kamuulize yeye."

Akatoa kalamu. "Sawa, mzee. Anakaa wapi?"

Miaka sita, na sijui unakaa wapi. Ndiyo maana barua hii naipitisha kwa shangazi yako, ambaye hataki kunitajia mtaa wako, na ana haki.

Kwenye bahasha kuna shati la mtoto. Kipimo nimekisia. Kama ni wa kike, nirudishie nilifumue.

Baba yako