Dotora Aliyekufuta Msiro

Kionga, Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama mdogo anasema nisiyaguse.

Inês amerudi. Yule mwanafunzi wa udaktari kutoka Ureno, uliyemwita dotora, yaani daktari, aliyekuja na wenzake kujifunza kwenye kituo chetu cha afya ulipokuwa umelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Alikuona umejipaka msiro wako mweupe wa urembo, akachukua pamba akaanza kukufuta uso, akidhani unaumwa ngozi. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mwambie dotora, kama huu ni ugonjwa, basi wanawake wa Kionga wote tulazwe!" Nikamtafsiria, akawa mwekundu hadi masikioni.

Muda wao ukaisha, wakapanda gari. Wewe ukabaki na kifua chako.

Hakujua, Mama. Alhamisi ameshuka tu garini akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole upande wa makaburini. Akakaa chini pale pale, mchangani.

Sasa anakaribia kumaliza masomo, na amekuja na wanafunzi wapya. Mmoja alipomnyooshea mkono bibi mwenye msiro ili amfute, Inês alimzuia: "Muulize kwanza." Nilifurahi. Halafu nikakasirika, hata sijui kwa nini. Yeye amejifunza udaktari kwako. Sisi tumepata nini?

Na bado anaomba. Anataka kesho awasimulie wenzake habari zako, kwa jina lako. Mama mdogo alitupa ufagio chini. "Dada yangu si kitabu cha wageni kusomea!" Tangu hapo situlii. Natoka, naingia, nachota maji na mitungi imejaa. Leo baada ya adhuhuri Mama mdogo amelegea kidogo: "Kama lazima asimuliwe, basi asimuliwe na mwanawe."

Nitasimama mimi, kwa Kireno changu cha shule. Sijamwambia mtu kwamba hata mimi natamani kulivaa lile koti jeupe la daktari. Wewe ndiwe wa kwanza. Nakuahidi, hakuna atakayeondoka hapa akikujua kwa ugonjwa tu.

Pumzika, Mama. Mungu akupanulie kaburi lako. Ni mimi, Amina wako. Lakini nijibu kabla ya asubuhi, hata kwa ndoto: katika maisha yako yote, ungependa wageni hawa wakujue kwa lipi?