Vitabu vya Saizi Moja Juu

Shoga yangu Mwanaisha,

Wewe ndiye uliyewafundisha wanangu kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Sasa wewe nikujulie hali gani? Nimekaa hapa kwenye meza yako ya kukunja, ile uliyoitandika nailoni ya maua, na mstari huo wa kwanza umenishinda. Basi nauruka. Kama utanikata alama, kata.

Leo Ijumaa, siku ya barua. Uliiweka wewe, kwa sababu kitabu cha Kiswahili tulikitafuta Guangzhou hii ya Wachina tukakikosa, ukasema haina shida, watoto watawaandikia barua watu wao walio mbali, na hicho ndicho kitakuwa kitabu chao. Katika masomo yote uliyoyaacha, hilo ndilo pekee lililobaki limesimama. Asubuhi Nasra aliniwekea karatasi mbele yangu akasema, "Mama, na wewe andika." Nikamuuliza nimwandikie nani. Akakionyesha kiti chako kwa macho. Unayajua macho ya Nasra.

Nakumbuka tulivyokubaliana, mimi nakaanga samaki na wewe umeegemea friji. Shule za serikali hapa karatasi zangu hazikutosha, na zile za kimataifa hata ningeuza kontena na vilivyomo ndani nisingeifikia ada. Baba yao unamjua, simu yake huita mpaka ikachoka. Ukasema, "Saumu, wewe nenda sokoni, mimi nitakaa na watoto. Na mimi utaninunulia mzigo wangu." Tukaishi hivyo. Mimi kwenye masoko ya Zhanxi na Shahe, nakwepa mikokoteni, natafuta viatu vya wateja wangu na magauni ya wateja wako. Wewe hapa Xiaobei, ghorofani, na wanangu wawili na ubao mweupe. Watu wa mtaa wakasema nimemfanya mwenzangu yaya. Ukawajibu kwamba hujaona yaya anayelipwa kwa marobota ya magauni, mwenye kazi nyingine kama hiyo akuambie ukaombe. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Halafu ukaumwa. Tulidhani ni kifua tu, ni hiki kiyoyozi kinachotutemea baridi. Ulipoingia hospitali ulikuwa bado unanikumbusha kwamba Idi hajamaliza jedwali la tatu. Hukutoka.

Wenzetu walichanga, Mungu awalipe, ukasafirishwa Tanga. Karatasi zako nilizijaza mimi. Miaka yangu yote hapa nimejaza karatasi za mizigo, lakini siku ile nilipofika penye uzito mkono uligoma, ikabidi mtu mwingine aandike. Sikukusindikiza. Viza yangu ilikuwa ukingoni, ningetoka nisingerudi. Umeondoka peke yako, Mwana, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Watoto siku zile walikuwa kwa Mama Plamedi, jirani yetu Mkongo. Idi na miaka yake saba alisikia watu wakisema Mwanaisha anapelekwa Tanga. Akaniuliza, "Mamkubwa atarudi lini?" Nikasema sijui. Sikusema zaidi, na Nasra naye hakumwambia.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ni mtu wa mizigo na bado sikuujua uzito wa mzigo wako. Nilidhani kufundisha ni kununua vitabu vizuri, ukampa mtoto, akasoma. Vile vya zamani vilikuwa vimechakaa, vimeandikwa kila pembe. Nikasema nitawachagulia vipya, somo kwa somo, na nitavichagua vizuri kwa sababu kuchagua ndiyo kazi yangu.

Nikaenda soko la jumla la vitabu kama ninavyokwenda kutafuta mabegi. Nikamwambia laobani mwenye duka anitolee sampo, kimoja kimoja cha kila somo. Nikapapasa karatasi kwa vidole, nikanusa gundi, nikavuta jalada kuona kama litaachia. Hesabu nikachukua vya Kiingereza, karatasi nzito, rangi tele. Sayansi nikachukua chenye boksi la sumaku na kioo cha kukuzia. Kiingereza laobani aliniwekea kwenye simu ninayowaachia watoto, katuni ya sungura anayesema maneno na mtoto anarudia. Nikamwuliza historia ya Afrika. Akacheka kwa adabu, "Meiyo, pengyou, meiyo," hakuna, rafiki yangu, hakuna. Akanipa cha dinosaria. Nikakichukua, Mwana. Usinicheke. Nilikuwa sitaki kutoka na somo moja mkono mtupu.

Na kwenye saizi ndipo nilipoharibu. Unajua tunavyonunua nguo za watoto kule Shahe. Mtoto wa miaka saba unamchukulia ya miaka minane, unakunja pindo, nguo inamngoja akue. Hakuna mama wa Kiswahili hapa anayemnunulia mtoto nguo ya kumtosha. Nikafanya hivyo hivyo kwa vitabu. Idi wa darasa la pili nikamchukulia vya la tatu, Nasra wa la tano nikamchukulia vya la sita. Watakua navyo, nikajisemea, na vitadumu. Nilirudi nyumbani najiona mjanja kweli kweli.

Wewe ulikuwa ukifanya kinyume na nilikuwa nakusema. Kila somo jipya ulilianza na kitabu cha chini ya darasa lao. Idi anajua kuhesabu mpaka mia, wewe unampa kile chembamba ulichokuja nacho kutoka Tanga, chenye picha ya mbuzi kwenye jalada, ahesabu mbuzi mmoja, mbuzi wawili. Nikakuambia, "Mwana, unamrudisha mtoto nyuma." Ukasema, "Mwache ashinde kwanza. Mtoto akishinda asubuhi, mchana anakufuata mwenyewe." Nikaona unamdekeza tu.

Basi kila asubuhi nikawa nawawekea alama kurasa za kufanya, naondoka zangu sokoni, jioni nakagua. Nikakuta kitabu cha Idi kimejaa, na majibu yote sahihi, nilihakikisha, maana nyuma ya kitabu kuna majibu na kulinganisha najua. Nilijisikia vizuri, nikuambie ukweli. Nilimwonyesha Mama Plamedi. Akapiga makofi, "Mama Nasra, huyu mutoto iko na akili, vraiment!" Akampa na kitabu cha Kifaransa cha mwanawe aliyekua, bure. Nikakipanga rafuni na vingine. Rafu ikapendeza. Nilikuwa naitazama wakati wa kunywa chai na nasema moyoni, Mwanaisha angeona.

Siku moja mwenye kiwanda alinivunjia miadi nikarudi mchana. Mlango nilifungua mwenyewe. Idi alikuwa chini ya meza anavutanisha sumaku. Sungura wa Kiingereza anasema peke yake kwenye simu na hakuna anayemjibu. Na Nasra amekaa kwenye kiti cha Idi, kitabu cha Idi kiko mbele yake, anaandika kwa mkono wa kushoto. Nasra hatumii kushoto, unajua. Aliutumia mkono ule ili herufi ziyumbe kama za mdogo wake.

Nikakichukua kitabu cha Nasra mwenyewe. Kurasa za mwanzo zilikuwa na kazi. Baada ya hapo karatasi nyeupe, ile ile nzito niliyoipapasa dukani.

Akasema, "Alikuwa analia kila siku, Mama. Na wewe ukirudi umechoka." Hakulia. Nilitamani alie. Nilikaa sakafuni na viatu vyangu miguuni na sikujua nimkaripie nani, kwa sababu mtoto yule alikuwa amenibebea mzigo wangu kimya kimya na wa kwake akauacha njiani.

Nilijaribu, usidhani nilikaa tu. Niliacha kwenda sokoni asubuhi. Nilikaa na Nasra kwenye sehemu, zile namba zinazopanda juu ya nyingine. Mimi napiga hesabu ya yuan na dola na shilingi kichwani kabla laobani hajashika kikokotoo, lakini mtoto aliponiuliza kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa, nilimwambia anakili tu jibu la nyuma ya kitabu. Hesabu ninayoijua mimi ni ya kuuzia. Idi nikamrudishia vitabu vya darasa la pili. Akavisukuma taratibu, wala hakuwa na hasira, akasema, "Mimi hesabu sijui. Hesabu ni za Nasra." Alisema kama mtu anayekuambia hapendi bamia. Mwana, neno lile ndilo lililonimaliza. Nguo ikizidi unakunja pindo. Mtoto akishajiona hafai, sijui unakunja wapi.

Nikawaza nitafute mwalimu mwingine. Nimeuliza mtaa wetu wote huu wa Dengfeng, kwenye maduka ya simu, kwenye migahawa, kwa wanaobadilisha pesa. Kila mtu yuko mbioni. Wanaojua kufundisha wanauza, na wasiojua ndio wanaojitolea. Na nyumbani mteja haelewi msiba wangu wala wanangu, anauliza mzigo wake uko wapi.

Kwa hiyo nawarudisha Tanga, kwa mama yangu. Tiketi nimekata, na mwenzetu mmoja anayerudi nyumbani atawasindikiza. Nilimpigia mwalimu mkuu wa shule ya jirani na kwa mama, mtu mpole, akasema watoto watapimwa na kuna uwezekano mkubwa Nasra arudishwe nyuma, maana silabasi ya huko ni nyingine na yeye hana cheti cha popote. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye spika. Nasra alikuwa anafuta ubao wako, akaendelea kufuta. Mama yangu miguu haimbebi tena. Madarasa yamejaa. Kiswahili chao kina Kichina ndani na watachekwa. Najua yote haya na bado nawapeleka, kwa sababu hapa wanazidi kupungua kila siku nami nawatazama. Mimi nabaki. Nikitoka, biashara imekufa, na sare za shule atanunua nani? Sitakudanganya kwamba naona heri katika hili.

Jana tulifunga mabegi. Unanijua, begi nikiliinua tu nakuambia kilo zake, na yale yalikuwa mazito kupita kiasi. Ni vitabu. Nikaanza kuvitoa. Dinosaria, Kifaransa, sayansi na kioo chake, hesabu zote za saizi moja juu. Nilivichagua kwa bidii vikiingia, na kuvitoa havikunisumbua hata kidogo. Begi la Nasra halikubaki na kitabu hata kimoja, akasema ni sawa, atapewa huko.

Idi yeye alikumbatia kimoja akakataa. Kile cha mbuzi. Nikamwambia, baba, hicho umeshakipita zamani. Akasema, "Nampelekea Mamkubwa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akaendelea kueleza, na furaha imemjaa uso mzima, uso ambao sijauona hivyo tangu uondoke. Kwamba ndiyo maana tunakwenda Tanga. Kwamba wewe uko huko, umetangulia kupanga darasa, na utawafundisha kama zamani, na yeye ataanza na mbuzi kwanza halafu zile ngumu. Ndiyo maana hakulia nilipomwambia watasafiri bila mimi. Nikajidanganya kwamba mwanangu amekuwa jasiri. Nasra alikuwa anakunja soksi. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena, na hakuniangalia.

Mwana, yule mtoto anakuja Tanga kukutafuta. Na Tanga upo kweli. Mama atampeleka makaburini, maana nimemwomba awapeleke wakuombee dua, na yeye atakuja mbio na kitabu mkononi. Jana nilifungua mdomo nimwambie. Akaniuliza kama Mamkubwa bado anapenda pipi za tangawizi, nikaufunga.

Ahadi yangu kwako ni moja, kubwa sina. Hatafika kwako bila kujua. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajaingia uwanja wa ndege, na kitabu nitamwachia akibebe. Ataacha kucheka, najua, na atapanda ndege akiwa hataki tena kwenda. Lakini sitaki akusome jina kwenye kibao, wewe uliyemfundisha kusoma.

Kwaheri, shoga yangu. Pumzika, kazi yako uliifanya. Nisamehe nilivyoishika baada yako.

Nasra anasubiri karatasi hii aikague kwa kalamu yako nyekundu, kisha ataifunga pamoja na zao waje nazo. Ya Idi nimeiona, ni fupi, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, unayumba. "Mamkubwa, nakuja. Tuanze na cha mbuzi."

Wako,
Saumu